Neli ya Kumi na Saba

Kuopio, mwezi wa pili. Ziwa limekuwa barabara,
malori ya mbao yanapita juu yake.
Mimi naosha vioo.
Asidi kwanza, kisha maji, kisha maji, kisha maji tena,
kwa kuwa chembe moja ya ini la chakula cha mchana
ikibaki ukingoni mwa neli
itasema uongo kesho asubuhi, na itaaminiwa.

Daktari Nyberg hupenda kuwauliza wageni:
kitu kisichoonekana, kisichonusika,
kisichotikisa mizani yoyote humu ndani,
utakipimaje?
Mgeni hutazama viatu vyake.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa;
basi sisi tumeajiri wenye njaa.

Wanakaa kwenye friji, chupani, chini ya kizibo cha pamba,
vijiti vidogo: wakiwa wengi ni weupe, wakiwa wachache si kitu.
Nawaosha mara tatu kwa maji ya chumvi
wasije na akiba mfukoni.
Kisha nawaandalia karamu, sukari, madini, kila kitu
ila kimoja, ile vitamini nyekundu
ambayo bila hiyo hawagawanyiki, wanakaa tu
kama waalikwa walionyimwa vijiko.
Chakula hicho kitatoka kwenye damu ya mgonjwa,
kama kimo.
"Tone moja kila neli, Hilkka. Usihesabu kwa haraka."
Sijawahi kuhesabu kwa haraka.

Ya kumi na saba ni ya Taavetti Huuskonen,
msukuma magogo mtoni, uso rangi ya mshumaa,
ulimi laini kama sabuni,
nyayo zisizojua tena sakafu iko wapi.
Tangu utotoni hula mayai mabichi ya samaki
kwa kitunguu, juu ya mkate mweusi.
Kikulacho ki nguoni mwako;
chake kiliingia ndani zaidi,
tegu, wanadhani, mrefu kuliko chumba hiki.

Asubuhi nikafungua kiatamizi.
Neli za kipimo zilikuwa zimejipanga:
ya kwanza maji matupu, ya mwisho maziwa,
katikati ukungu ukipanda ngazi kwa ngazi.
Ya kumi na saba, angavu. Dirisha lililofutwa.

Nyberg alishashika kalamu. "Hana kitu."
Nikamwambia, ngoja.
Kando yake palikuwa na pacha,
damu ileile, niliyoitia vitamini kwa mkono wangu,
kiasi ninachokijua.
Nayo pia ilikuwa angavu.

Mwenye njaa akiwekewa chakula asile,
huyo hana njaa.
Huyo amekufa.

Nikapiga simu wodini. Muuguzi akapekua kadi,
nikasikia karatasi, nikasikia mtu akikohoa.
Ndiyo, penisilini. Tangu Jumatatu. Kwa ajili ya kifua.

Tukangoja siku tisa.
Mara ya pili pacha aligeuka maziwa,
na kumi na saba yenyewe ikashika ukungu mwembamba,
pumzi ya mtoto kwenye kioo.
Sindano ya mashine ikatikisika, ikatulia.
Kidogo mno. Lakini kidogo cha kweli.
Nyberg akaandika karibu yaleyale
ambayo angeandika siku ile ya kwanza.
Sikusema neno. Wala yeye.

Mzizi wa kangaga ulimtoa tegu, akajaa ndoo.
Taavetti aliomba kumwona.
"Amekula kiasi gani changu?" akauliza,
nami nikawaza meza yenye walaji watatu,
yeye, mnyoo, na wale wadogo wangu
ambao peke yao walikula kisha wakatoa hesabu.
Jioni ile nikawachemsha kwa mvuke, kama kawaida.

Barafu ilipopasuka, kikaja kifurushi cha gazeti
kutoka mtoni: samaki wanne, na kikombe cha mayai yao,
ya dhahabu, mabichi, pamoja na salamu.
Niliyakaanga mpaka yakawa changarawe.
Nikayala yote.